Barua ya Onyo kwa Bwana Shomari

Nayakiri haya nikiwa bado naona aibu kupita getini. Ninasimamia kompyuta katika kiwanda kimoja cha Zegereni, na seva zetu, yaani kompyuta kuu zinazotambua hata kadi za getini, hujirekebisha zenyewe kila nusu saa kwa kufuata maagizo tuliyoziwekea. Mwezi uliopita nilitaka kurekebisha jambo dogo kwa mkono, nikausimamisha utaratibu huo kwa muda, kisha nikasahau kabisa.

Kadi za wafanyakazi wapya kutoka Mlandizi zilipokataa kufungua geti, nilimgeukia Bwana Shomari, fundi mwenzangu mpole wa Kisarawe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeziandikisha. Nilimwandalia barua ya onyo yenye aya tatu, nikaisoma mbele ya meneja kwa sauti ya hakimu.

“Nimekusikia, Mama Tunu,” alisema Shomari, akitugeuzia skrini. “Lakini wiki ya tatu hii seva hazipokei maagizo mapya. Aliyezisimamisha ameandika na sababu.”

Meneja alivaa miwani, akasoma taratibu: “Nimesimamisha kwa muda. Nikitoka kunywa chai nitarudisha. Mama Tunu.”

Akanitazama. “Mama, chai hiyo hujaimaliza tu?”