Mkono wa Kushika Bawa

Kwenye uwanja ule wa ndege zisizo na injini walimwita Mama Kiraka, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona na kugundisha vitambaa vya mabawa yaliyochanika. Jina hilo alipewa na mumewe mbele za watu, enzi zile akiwa bado mumewe. Watu wakacheka, likamganda. Mume akaondoka, jina likabaki.

Mume mwenyewe alikuwa fundi wa winchi, ile mashine inayovuta ndege kwa waya mpaka ipae. Sasa aliishi na mwanamke wa kantini, na kila asubuhi Mama Kiraka alipita chini ya dirisha lao akienda kazini, akasikia vikombe na vicheko. Hakuna aliyewahi kumpa pole. Fundi alikuwa mcheshi, na watu humsamehe mcheshi hata kabla hajaomba.

Lakini kuachwa alishakumeza. Lililomkaba ni habari ya bawa.

Ndege hizi zina gurudumu moja tu chini ya tumbo, kwa hiyo zikisimama huegemea bawa moja. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, lazima mtu akimbie akalibane chini bawa la upande upepo unakotoka, ndipo rubani ashuke. Akiwa ndani, rubani hulikandamiza bawa kwa usukani; akishuka na bawa halina mtu, upepo unaingia chini yake na kuibinua ndege. Zamani fundi alilishika bawa siku kama hiyo, mwanamke wa kantini akampungia mkono, naye akaachia. Ndege ikapinduka na kuvunjika. Mbele ya mwenyekiti wa klabu akasema, "Bawa nilikuwa nimemwachia mke wangu." Mama Kiraka akanyamaza, akidhani anamsitiri mumewe. Mwenyekiti akamfutia palepale masomo ya urubani aliyokuwa ameyaanza.

Ikapita miaka mingi mpaka akaja mwalimu mpya, mtu asiyejua umbea wa pale, akaanza kumfundisha upya. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande: aruke peke yake mara moja. Akirudisha ndege nzima, apewe kibali. Bawa likikwaruzika tu, asahau urubani mpaka anaingia kaburini.

Siku yenyewe ilianza shwari. Huko juu kulikuwa kimya, na kimya hakikumtisha. Nyumbani alishazoea kuosha sahani moja. Kisha akaona mfuko wa kitambaa wa kuonyeshea upepo kule chini umenyooka kama mkono, ukielekea kulia. Upepo ulikuwa umegeuka, unamjia kutoka kushoto.

"Umeuona?" mwalimu akauliza kwenye redio.

"Nimeuona."

"Ongeza mwendo kidogo, usije polepole. Pua ielekee upepo, wewe uelekee uwanja. Ukikaribia nyasi ndipo uinyooshe."

Akaja hivyo, ndege ikitembea upande kama kaa, pua ikitazama vichaka vya kushoto na yeye akitazama nyasi zake. Upepo ulimsukuma, akalaza bawa la kushoto kidogo tu, maana mabawa ni marefu na ncha inaweza kugusa chini kabla ya gurudumu. Nyasi zilipokaribia akakanyaga pedali ya kulia taratibu. Pua ikarudi kwenye mstari, gurudumu likagonga, ndege ikakimbia, ikapunguza, ikasimama. Ncha ya kushoto ikalala kwenye nyasi. Usukani aliubana kushoto vilevile.

"Safi sana," redio ikasema. "Kaa humo humo. Mimi nimeng'ang'ania ndege nyingine huku mwisho, nikiiachia inaruka. Namtuma fundi."

Fundi alikuja akitembea, mikono mfukoni. Mama Kiraka akafungua kifuniko cha kioo kwa mkono wa pili.

"Kumbe umetua, Mama Kiraka. Mimi nilishaandaa jembe la kukuchimbia kaburi."

"Shika bawa."

"Nimeshika. Shuka basi."

Alikuwa ameweka kiganja kimoja juu ya ncha, kama mtu anayeegemea ukuta wa jirani.

"Huko si kushika. Lala juu yake."

"Nilale kwenye nyasi na shati hili? Mke wangu..."

"Mke wako yuko kantini."

Fundi akacheka. "Ulimi wako haujazeeka. Haya, shuka ukanitukane kivulini."

"Kalete matairi." Kando ya uwanja kulikuwa na matairi chakavu ya kukandamizia mabawa.

"Mgongo huu? Kwani huniamini?"

"Sikuamini."

Kicheko kikafutika usoni mwa fundi. "Mambo ya kale hayo. Mimi nilishasahau."

"Wewe usisahau kwa nini? Hukupoteza kitu."

Fundi akautoa mkono. Bawa likainuka, Mama Kiraka akausukuma usukani kushoto kwa nguvu zote, likashuka tena. Mwanamume akaushika mgongo wake kama mgonjwa, akaelekea kantini. Hakurudi.

Mama Kiraka akakaa. Jua lilimchoma utosi, koo likakauka, miguu ikafa ganzi. Mbali kule aliona watu kwenye dirisha la kantini wakinywa na kupiga soga, na mmoja akanyoosha kidole upande wake. Kila upepo ulipovuta bawa, alivuta naye. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, wala hakuutoa mkono kwenye usukani ili ajifute.

Upepo ulipopungua nguvu, mwalimu akaja mbio. Akajitupa chini na kulalia ncha ya bawa kwa kifua, shati na yote.

"Shuka, mama. Mbona fundi nilimwona amefika?"

"Alifika."

Mwalimu akapapasa kitambaa kwa kiganja. "Hakuna hata mkwaruzo. Kibali umekipata. Nimpigie nani simu afurahi nawe?"

Alifikiria. Binti yake alikuwa mbali, na kila akipokea simu alisema, mama, nitakupigia baadaye.

"Hapana mtu," akasema. Akashuka, akajishika ubavuni mwa ndege mpaka miguu ikakubali kumbeba. "Wewe lala hapo hapo, mwalimu. Usiachie mpaka nikwambie."

Akaenda kuyaleta matairi mwenyewe, akiyaviringisha moja moja kwenye nyasi.