Kondoo wa Maabara na Swali la Mama

Mwaka wa tisini na saba, nikiwa mwalimu huko Suna na riwaya yangu ya kwanza imekwama sura ya tatu, redio ilitangaza kwamba wanasayansi wa Ulaya wametengeneza kondoo katika maabara. Sikutulia tena. Nilinunua gazeti nikalisoma nimesimama barabarani. Darasani nikaacha somo la fasihi, nikaeleza mambo ya seli hadi kengele ikalia.

Jumapili nikaenda Kosele kwa mama. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Nikamsimulia haraka haraka, kana kwamba uvumbuzi ulikuwa wangu: wamechukua seli moja ya kiwele cha kondoo aliyekomaa, wakapata mwingine anayefanana naye kabisa. Nilitarajia aseme hizo ni dalili za siku za mwisho, maana yeye ni Msabato hasa.

Mikono yake ikasimama. "Huyo wa kwanza alikuwa bado hai?"

"Alishakufa, mama. Seli zake zilihifadhiwa kwenye baridi kali."

Akaingia ndani, akarudi na leso iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na kichana cha ndugu yangu mdogo, tuliyemzika mwaka uliotangulia baada ya kuugua kwa muda mrefu. Nywele zake chache zilikuwa zimenasa kwenye meno ya kichana hicho.

"Hizi zinatosha, wuoda, mwanangu?"

Nikaanza kusema ovyo. Nywele hizo hazina uhai, nikamwambia. Hata wangeweza, angezaliwa mtoto mchanga, mtu mwingine mwenye sura ile tu. "Hatakujua, mama."

"Hata yeye alipozaliwa hakunijua," akasema. "Nilimfundisha."

Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Nilitaka kurudi Suna saa ile ile. Ndipo nikatambua kwamba tangu mazishi sikuwa nimelitaja jina la ndugu yangu mbele yake hata mara moja. Nilikuwa nikimletea habari za dunia nzima, za vita, za uchaguzi, za vyombo vilivyotumwa angani, ili tusifike kwa marehemu.

"Ulimfundisha nini kwanza?" nikamuuliza.

"Kulala bila kushikwa. Hilo lilichukua miezi."

Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mahindi, kisha akaendelea kunisimulia. Nilimsikiliza hadi jua likazama, miguu yangu ikitaka kuondoka wakati wote.