Mikono ya Pilipili

Pilipili kavu ikipashwa moto, harufu yake inapanda puani na kushuka mpaka kooni. Jana mujukuu wangu alipasha zake hapa kwetu Nchelenge. Nikakohoa, nikamuambia apake mafuta mikononi mbele ya kutwanga. Akacheka. Mimi sikucheka, na ninyi nitawaambia sababu.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Tulikaa kwa Kambo, mama ya baba yangu, karibu na ziwa. Siku moja mama alinipa kinu nitwange pilipili, akasema: paka mafuta kwanza, ukimaliza osha na majivu, maji peke yake hayatoshi. Mafuta sikupaka. Majivu niliona ni mambo ya wazee. Niliosha na maji tu, nikanusa vidole, nikaona vimetakata.

Mudogo wangu, hajaanza hata kutembea, alikuwa analia kwa moshi wa samaki. Nikamuhurumia. Nikamupangusa machozi na mikono hii.

Kilio kile sijakisahau. Macho yalivimba, yakafunga. Mama alikuja mbio, akamulaza magotini, akamukamulia maziwa ya kifua machoni, tena na tena, bila kuniangalia. Niliona mutoto amekwisha kuwa kipofu.

Kambo akafika na basini ya samaki, majirani wawili nyuma yake.

"Nani alimugusa huyu mutoto?"

Nilificha mikono mugongoni.

"Ni mimi, mama mukwe," mama akajibu. "Nilisahau kuosha."

"Umezaa mara tatu na haujui pilipili? Kwenu munatwangaka nini, majani?"

Majirani wakacheka.

Kesho yake mutoto alifungua macho, akamutafuta mama. Tulishukuru Mungu. Lakini toka siku ile Kambo hakumuachia mama chungu apike. Kwenye ndoa, kwenye kilio, wanawake walimupa ndoo akateke maji. Mukono wake ni mubaya, walisema. Mimi nilifurahi tu kwamba sikuchapwa.

Kambo alipokufa, nilikuwa tayari na watoto wangu. Kwenye kilio chake wakanipa mimi kinu cha pilipili, mama wakamupa ndoo. Kinywa nilikuwa nacho. Ningesema pale, mbele yao wote. Nilipokea kinu, nikatwanga.

Leo mama naye amezikwa. Utotoni niliwaza kwamba alinikinga na fimbo, basi. Fimbo ya Kambo ingeisha siku ile ile. Ndoo zile mama alizibeba mpaka uzeeni, akipita karibu na mimi, na hata mara moja hakunidai neno.