Skrini Aliyoiamkia

Muuza kompyuta wa Masuguru haulizi inchi za skrini. Huuliza, "Utatazama nini?" Edna, aliyekuja kununua skrini, alijibu kuwa anahariri video za harusi, na jioni wanawe hucheza gemu. Mzee akafuta vioo kwa pindo la shati, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso, kisha akaiwasha ile pana ya gemu na kuweka picha ya mama yake mwenyewe, kama afanyavyo kwa kila mteja. Rangi ziliwaka, Edna akaipenda palepale.  Mzee akaihamishia picha kwenye skrini ndogo ya pembeni, na uso wa yule mama ukatokea mweusi kama alivyokuwa, laini, wenye uhai.

"Shikamoo, mama," akanong'ona, kama vile hakuna anayemsikia.

Edna aliwakumbuka mabibi harusi wake, walivyolalamika kuwa wametoka wamepauka kwenye video zake.

"Mzee, nifungie hii uliyoiamkia."