Mikono ya Mashati

Dobi haaniki nguo kama watu wengine. Kila shati hulifunga mkono kwa mkono na shati jingine, kisha hukaza fundo kwa meno, maana vidole vyake vilikufa ganzi tangu utotoni, kwenye pwani ya baridi huko mbali kaskazini. Mkwewe ndiye hutoka jasho kuyanyoosha makunyanzi ya mafundo hayo kwa pasi. Leo uzalendo umemshinda.

“Mama, huku hata upepo wa kuzima kibiriti hakuna!”

Dobi hakugeuka. “Kwetu upepo haukuwa na adabu, mwanangu. Tukienda ufukweni, mama alitufunga hivi, mimi na mdogo wangu, mkono wa koti kwa mkono wa koti. Siku moja alifunga harakaharaka. Nilirudi peke yangu.”

Mkwe akachukua shati dogo la mwanawe, akamsogezea.

“Kaza, mama. Nimeshika.”