Wimbo wa Mama Uliotoka Kwenye Santuri

Kuna watu watakaosema mama yangu aliiba wimbo. Nimebishana nao ujana wangu wote na sioni sababu ya kuacha uzeeni. Hakuiba. Wimbo ule ulikuwa ukipigwa mlangoni pa duka, mtaani kwetu Kariakoo, tangu asubuhi mpaka watu wanakwenda kula, na hakuna aliyewekewa pamba masikioni.

Duka lilikuwa la familia ya Wahindu waliouza vitambaa. Mwenye duka aliiweka santuri yake mlangoni, karibu na majora ya kitambaa, ili wapita njia wasimame. Sahani nyingi za nyimbo zilikuwa za Kihindi, chache za Kiswahili, na moja ilikuwa ya Mzungu mwenye gitaa. Wimbo wa mashamba ya kwao, alituambia mwenye duka, wa watu wa ng'ombe na farasi. Mzungu yule aliimbia puani, taratibu, na kila mwisho wa ubeti sauti yake ilikatika kooni, ikapanda na kushuka kama jogoo anayejifunza kuwika. Sisi wanawake wa mtaa tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Mama hakucheka. Alisimama na ndoo yake ya maji kichwani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mwenye duka, "Bwana, hebu mrudishe huyo tena."

Mama alikuwa mwimbishaji wa chama cha lelemama. Hamjui lelemama? Wanawake katika safu, kanga za sare, hatua ndogo ndogo za majivuno, na mwimbishaji mbele akitoa maneno ambayo mtaa mzima utayajadili wiki nzima. Mwimbishaji hodari alisalimiwa sokoni kabla ya mumewe. Mama hakujua kusoma wala kuandika, lakini nyimbo alizotunga zilifika Magomeni kabla yeye mwenyewe hajafika. Nilimwonea fahari wakati ule na ninamwonea hata sasa, na sitaki kuificha.

Mdogo wangu alikuwa amechumbiwa. Mimi nilikuwa nimeolewa tayari na kuachika, nimerudi kwa mama na sanduku langu, na harusi yangu ilikuwa ya haraka, haikupata wimbo wake. Labda ndiyo maana mama aliapa kwamba huyu wa pili ataondoka na wimbo ambao haujawahi kusikika. Akaichukua sauti ya Mzungu wa dukani, akaipa mwendo wa lelemama, na akaitilia maneno yake:

Mwanangu nawapa, mpokeeni,
Nimemlea kwa tabu, mtunzeni,
Akikosa, mwambieni ndani,
Msimtangaze barazani.

Na pale Mzungu alipokatika koo, mama alituweka sisi tupige vigelegele. Vilikaa mahali pake vizuri mno, mpaka ukamwonea huruma yule bwana kwamba alirekodi peke yake, bila wanawake.

Tulifanyia mazoezi uani kwetu, na ua wa nyumba ya Kiswahili hauna siri. Chama cha mtaa wa pili, mahasimu wetu wa siku nyingi, wakasikia. Mmoja wao alikuwa na kaka karani bandarini, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, anayejua Kiingereza. Wakamleta dukani, akasikiliza sahani, akawatafsiria. Kumbe yule Mzungu alikuwa anaimba kaburini! Amefiwa na mkewe, anamwambia mvua inakuja na hana cha kumfunika.

Habari ile haikulala. Ilivuka Jangwani ikafika Magomeni, nyumbani kwa mama wa bwana harusi, ambaye alimtuma shemeji yake kwetu zikiwa zimebaki siku chache.

"Shikamoo, dada," alisema yule mjumbe kwa mama.

"Marahaba. Karibu mkeka."

"Sikai, nimetumwa. Mama mkwe anasema mtafute wimbo mwingine. Wimbo wa msiba hauvuki kizingiti chake. Mkija nao, mlango ataufunga na biharusi atabaki nje."

Mama alikuwa akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta. Mgeni alipoondoka, wanachama wakagawanyika. Wapo waliosema tuimbe nyimbo za zamani, yaishe. Lakini kila mmoja alijua maana yake. Mama akiuacha wimbo ule, mahasimu watamcheka mpaka anaingia kaburini, na maneno aliyomtungia mwanawe yatafia uani. Akiushikilia, mdogo wangu ataaibika mlangoni mwa watu akiwa na hina mikononi. Nilimwona mama usiku ule hakula. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona anaogopa, na niliwachukia wanawake wa mtaa wa pili kwa moyo wangu wote.

Aliyetuokoa alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Mnyamwezi, mama mnene muuza ugoro. Sisi ni Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwa mwenye kujua utani sina la kueleza. Kwa asiyejua: mtani ndiye anayeruhusiwa kuchekesha msibani. Watu wanalia, yeye anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe anachotaka. Hukasiriki, na hukatai, maana ukimkatalia mtani umejiletea balaa mwenyewe.

"Mzaramo wee," alimwambia mama kesho yake, "unakonda kwa msiba wa Mzungu na mtani wako yupo hapa anakula bure? Niachie mimi. Wewe kapige pasi kanga zako."

Mama alimuuliza atafanya nini. Alipiga chafya ya ugoro akaenda zake.

Siku ya kumpeleka biharusi tulitoka Kariakoo jua limepoa, kwa miguu, tukiimba nyimbo za kawaida. Tulipofika Magomeni, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. Nyuma ya umati niliwaona wale wa mtaa wa pili, wamekuja bila kualikwa, wamejipanga kuangalia sinema. Mama akakatiza wimbo. Sote tukasimama.

Hapo yule Mnyamwezi akachomoka kwenye safu. Alitandika mkeka kizingitini, akajilaza chali na ukubwa wake wote, akajifunika shuka jeupe gubigubi, akaanza kugumia.

"Jamani! Mimi ndiye marehemu wa kwenye santuri! Nimetoka Ulaya, nimelowa mvua, na mnapita kwenda kula pilau mimi mmeniacha!"

Mzee mmoja kibarazani akaangua kicheko, na baada yake ikawa fujo tupu. Watu walishikana. Biharusi mwenyewe, aliyetakiwa atulie, niliona ushungi wake unatikisika.

Mama mkwe alijikaza. Lakini yeye naye alikuwa Mzaramo kama sisi, na yule aliyelala mlangoni alikuwa mtani wake pia. Hakuwa na njia. Alikunja uso, midomo ikamtetemeka, mwishowe akasema, "Haya wewe maiti, unataka nini uondoke?"

Sauti ikatoka ndani ya shuka: "Nataka kuimbiwa wimbo wangu."

Nakumbuka mama mkwe alivyogeuka akamtazama mama. Wakatazamana, wanawake wawili wakubwa, na nadhani palepale ndipo walipopatana, maana wote walikuwa wamekwisha kuona mtego na wote wanaucheka.

"Basi mwimbieni," akasema mama mkwe, "anipishe mlango, wageni wamechoka kusimama."

Mama akaimba. Sijapata kumsikia akiimba vile, kabla wala baada. Alipofika kwenye *msimtangaze barazani*, mama mkwe alikuwa analia, na hakuwa analilia mke wa Mzungu. Alimshika mdogo wangu mkono mwenyewe akamwingiza ndani. Mtani alipewa sinia lake la pilau, akalimaliza.

Baada ya hapo wimbo ukatutoroka. Bendi ya dansi ya vijana waliobeba mizigo bandarini mchana wakaupiga ukumbini usiku, saksafoni ikichukua mahali pa vigelegele. Wao walitoa "mwanangu" wakaweka "mpenzi". Mpenzi wangu nawapa, mpokeeni! Mwanamume gani anagawa mpenzi wake? Mama aliwasema mpaka wakabadilisha barabara ya kupita. Mahasimu wetu, bila haya, waliutungia maneno ya mafumbo wakamsuta mama kwa wimbo wake mwenyewe pale Mnazi Mmoja, na mama akakiri kuwa ubeti wa pili ulikuwa mzuri. Mwenye duka alipomwoza binti yake, matarumbeta yaliupiga mtaani mwetu, naye akatupungia mkono kana kwamba anaturudishia kitu.

Miaka ikaenda. Wakristo waliohamia kutoka kusini waliutia kwenye kwaya, na sasa anayepewa na kupokea ni Mungu. Watu wa taarabu wakaupa fidla na kodiani, ukawa mrefu kiasi cha mtu kwenda kupika na kurudi. Wakaja wa gitaa za umeme. Wakaja wajukuu na vinanda vyao vya kubonyeza, kijana anaongea haraka haraka katikati ya ubeti, na bado naisikia sauti ya mama imekaa chini, haijatikisika. Mama hakuwahi kurekodiwa hata mara moja. Alikufa akijua watu wanauimba, na hiyo ilimtosha. Mimi haikunitosha.

Ndiyo maana siku ile nusura niivunje redio. Nilikuwa nimemtembelea mdogo wangu Magomeni, sote wawili mabibi wenye meno ya kuhesabika. Wimbo ukapigwa, mpya kabisa, na mtangazaji akasema, kwa raha zake, kwamba ni wimbo wa asili wa watu wa Pwani, ni wa kale sana, na mtunzi wake hajulikani.

"Hajulikani!" Nilisimama kutafuta viatu. Nilitaka kwenda redioni hapo hapo, nikawaambie ni mtaa gani, uani kwa nani, na nani alipepeta mchele nani akalala kwenye mkeka.

Mdogo wangu alinivuta kanga nikae. "Dada, unakasirika nini? Sahani ya Mzungu, ya dukani, tuliisikia kwa masikio yetu. Leo watu wazima na shahada zao wanaapa kwamba ni asili yetu. Nani mwingine ameweza hivyo isipokuwa mama?"

Nikaketi. Nikamwambia mjukuu wake aongeze sauti, majirani wasikie.