Amina Kabla ya Kidonge

Nilikuwa nafua. Jumamosi asubuhi, hapa kwetu Ilemela, beseni limekaa kwenye kivuli cha lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, nikageuza soksi nyeupe za kanisani za binti yangu Gloria, vikadondoka vidonge. Vile vidogo vya njano anavyotakiwa kumeza kila siku kwa sababu ana selimundu. Vingine vilishaanza kuyeyuka, vimeitia soksi rangi.

Nikamwita. Ana miaka saba. Akaja taratibu, mikono kaificha nyuma, nikadhani kashika kitu. Kumbe hakushika kitu. Vidole vilikuwa vimevimba, na alikuwa anavificha tangu juzi yake, akitaka kulia anakimbilia chooni nisimsikie. Nikamuuliza kwa nini hamezi dawa, na kwa nini hasemi kama anaumwa. Akanitazama kwa huruma, jamani, kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Mama, mimi nilishapona. Nilishuhudia kanisani. Nikisema naumwa nitakuwa muongo."

Kidogo kidogo nikayapata yote. Mwalimu wao wa shule ya Jumapili, binti mmoja msomi wa chuo wanayemwita Dada Rehema, aliwafundisha kwamba mwenye imani hamezi dawa, dawa ni ya wanaomshuku Mungu. Akamsimamisha Gloria mbele ya wenzake, akamwombea, akamuuliza kama amepona. Mtoto wa miaka saba, darasa zima linapiga makofi, unategemea aseme nini? Akasema ndiyo. Ikapigwa video, ikatumwa kwenye kundi la wazazi na vialama vya moto chungu nzima. Mimi siku hiyo sikuwa na bando, sikuifungua.

"Na Dada Rehema amesema wazazi wengine wana imani ndogo," Gloria akamalizia, "kwa hiyo nakuombea."

Hapo uvumilivu wangu uliisha. Nilikuwa nimeshavumilia ibada za kukesha, nimevumilia vipaza sauti, nimevumilia mafuta ya kupakwa. Hili hapana. Nikampa dawa ya maumivu na maji mengi, nikamfunga kitenge mgongoni na ukubwa wake huo, tukaenda kituo cha afya. Kwenye benchi, kasinzia mapajani kwangu, hasira ilikuwa inanichemka mpaka masikioni. Na katikati ya hasira ile nikamkumbuka mama yangu na namna alivyokuwa anatumezesha dawa. Nasema anatumezesha, ingawa mgonjwa alikuwa mmoja tu.

Ninyi wenzangu tuliokulia kwenye miamba hii kabla ya simu za kupapasa mtanielewa. Tulikwenda shule na kidumu cha maji mkono huu na fagio mkono ule, na ukifika bila kimoja, unajua kilichokungoja. Mchana tunarudi na njaa ya kula jiwe, tunakuta matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, au ugali na dagaa waliokaangwa mpaka wanavunjika kama bisi. Meli ya Bukoba ikitia nanga na Mama kuletewa senene na ndugu zake wa Muleba, mtaa mzima ulikuwa unatusalimia kwa adabu. Jioni ni michezo ya rede na kombolela, na kuteleza kwenye lile jiwe la mteremko tumekalia vipande vya ndoo zilizopasuka. Kaptula na sketi zetu zote zilikuwa na viraka sehemu ile ile. Watoto wangu leo nikiwaambia wakatelezee mawe wananiuliza kama kuna intaneti huko juu.

Mdogo wangu Baraka ndiye aliyekuwa na ugonjwa huu wa Gloria. Enzi hizo mtaani hakuna aliyesema selimundu, walisema tu ugonjwa wa damu, wengine homa ya mifupa. Alikuwa mwembamba, macho yake ya njano kidogo, na maji baridi ya ziwa yalikuwa marufuku kwake kwa sababu yakimpiga tu, mifupa inaanza. Sisi tulipokuwa tunaogelea yeye alibaki juu ya jiwe kulinda nguo. Kukaa bure kukamchosha, akaamua kuwa mchungaji. Waumini wake walikuwa wale mijusi wenye vichwa vyekundu na mikia ya buluu, tuliowaita mijusi kafiri. Baraka alisema ni aibu kuishi na makafiri wengi namna ile na kanisa liko pale chini. Akawa anawahubiria kwa sauti ya mchungaji wetu kabisa, na mijusi, mnawajua, wanatikisa kichwa juu chini, juu chini. Kila jioni alikuwa anatupa taarifa ya waliookoka.

Alipomweleza Mama, Mama alimjibu bila kuacha kumenya ndizi. "Hao walishaokoka kuliko ninyi. Hawajawahi kuniibia sukari."

Mama yetu alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa, lakini hakuwa mtu wa maneno mengi ya dini. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kwenye maombi. Ila alikuwa na desturi yake moja, na mpaka leo sijaiona kwenye nyumba nyingine. Kidonge cha Baraka kilikuwa kinaombewa kama chakula. Kabla ya chai, wote tunasimama, kidonge kimewekwa kwenye kisahani, kikombe cha maji pembeni. Tunafumba macho. Mama anasema, "Baba, bariki kidonge hiki, na mikono iliyokitengeneza, na nesi aliyetupa, na tumbo linalokipokea." Tunasema Amina. Baraka anameza. Ndipo tunakunywa chai.

Sasa kwa akili zetu za kitoto, kitu kinachoombewa vile na kuwekwa kwenye kisahani chake peke yake lazima kilikuwa kitamu au kitakatifu. Mimi nilimwonea Baraka wivu wa ajabu. Siku moja nilijitupa chini nikalia, nataka na mimi kidonge, kwani mimi Mungu hanipendi? Mama hakunipiga. Alikata kipande cha ndizi kidogo kama punje ya mahindi, akakiweka kwenye kisahani, akakiombea kwa maneno yale yale, sikumbuki tu kama alimtaja nesi. Nikameza bila kutafuna. Nikajiona nimekamilika.

Hayo ndiyo mafundisho niliyoyapata juu ya Mungu kabla sijajua kusoma. Kwamba anapita kwenye kisahani. Anapita kwenye mkono wa nesi. Hakuna aliyenieleza, nilisimama tu nikasema Amina.

Halafu kuna Jumapili ile ya kwaya. Baraka alizidiwa, damu ikapungua mpaka midomo ikawa kama majivu, akalazwa kwenye ile hospitali kubwa ya mlimani. Madaktari wakasema anahitaji damu, na akiba ya kundi lake hakuna, ndugu waje. Ndugu wenyewe wako Muleba, maji katikati. Mama akaja kanisani akiwa na kanga alizolala nazo wodini, akamnong'oneza mchungaji. Mchungaji hakusema tumkemee shetani. Alitangaza kwamba mtoto wa usharika anahitaji damu, akatoa baraka, akasema ombi litaendelea hospitalini.

Kwaya ilitoka vile vile na majoho. Mnaijua ile njia, jua la saa saba, mlima ule, na watu wamevaa majoho ya zambarau wanapanda mmoja nyuma ya mwingine. Wapita njia walidhani ni msiba. Wanakwaya walijipanga kwenye korido ya hospitali kama wanaingia kuimba, soprano mbele. Mwalimu wa kwaya, Baba Anjela, pande la mtu, besi inayotikisa madirisha, alikuwa akiwatania akina mama kwamba wasije wakazimia wakaliaibisha kanisa. Alipoiona sindano akaanguka yeye, akaenda chini na joho lake lote, na nesi akalazimika kuita wanaume wawili wamnyanyue. Alipozinduka, cha kwanza alichouliza ni kama damu imetoka. Wakamwambia bado. Akasema, "Basi toeni sasa hivi kabla sijaiona tena."

Na damu yake ndiyo iliyokubali. Baraka aliporudi nyumbani, kanisa zima lilimtania kwamba sasa ana besi ndani, na siku akikua asiende tena na alto. Alikuwa akijikohoza asubuhi kusikiliza kama imeshafika.

Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu ndilo wanaloliruka watoa ushuhuda. Baraka hakupona. Miaka ile yote ya kisahani, kwaya ile yote, na hakupona. Siku moja alimuuliza Mama, mbele yetu, kwa nini Mungu hamponyi na wakati anaombewa kila siku. Mama aliweka chini alichoshika.

"Sijui, baba," akamwambia. "Ningejua ningekuambia. Ila hajawahi kutuacha tuumwe peke yetu."

Hilo ndilo ninaloliita imani, na kama kuna msomi wa biblia ana lake, aje. Mama alisema sijui, na asubuhi yake akaweka kidonge kwenye kisahani akashukuru. Leo Baraka ni mtu mzima, ana duka lake la kutengeneza simu Mirongo, anakunywa maji kama samaki na anaimba alto mpaka kesho. Mama yuko Kisesa anagombana na kuku. Kila nikiwafikiria wawili hao, moyo wangu unapiga magoti wenyewe. Damu ya ukoo ilinipitia mimi kimyakimya, ikakutana na ya mume wangu iliyojificha vile vile, akatoka Gloria. Sijawahi kumlaumu Mungu kwa hilo. Nilijua namna ya kumlea, kwa sababu nililelewa pembeni ya Baraka.

Kwa hiyo Jumapili ilipofika, Gloria ameshapata nafuu, nilimsubiri Dada Rehema nje ya kanisa. Nilianza vizuri. Nilimsalimia, nikamweleza soksi, nikamweleza vidole. Akanisikiliza ameinamisha kichwa upande, kisha akaniambia shida yangu ni woga, na kwamba kila nikimpa mtoto kidonge namfundisha kutokuamini.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo miwani uliyovaa umeivaa kwa imani gani?"

Akina mama waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mmoja akasema mjibu basi. Dada Rehema aliivua miwani, akaifuta, akairudisha usoni, akasema mambo ya rohoni hayalinganishwi. Sikumwona ni mtu mbaya. Ana huruma na wale watoto, anawaletea pipi kwa hela yake. Ila ni wa kizazi hiki, ambacho imani isipoonekana kwenye kioo cha simu wanadhani haipo. Wanataka muujiza wenye mwanzo na mwisho, unaotosha kwenye video. Kwaya yetu haikupigwa hata picha moja siku ile, na damu yao inatembea Mirongo mpaka leo.

Jumatatu nikaenda kwa katibu wa usharika, mzee aliyenifundisha kipaimara. Shikamoo, marahaba, akanikaribisha kiti. Aliponisikiliza akasema binti yule ana moto, vijana wenye moyo siku hizi ni wachache, tusimvunje. Kama nina lalamiko, nilete kwa maandishi. Nadhani alitegemea nitachoka njiani. Zamani mzee kama yeye angenyanyuka pale pale, angeita watoto, angelimaliza kabla chai haijapoa. Leo kila kitu ni maandishi. Sawa. Kidato cha nne nilichoishia kinatosha. Niliandika barua siku hiyo hiyo, nikapeleka ofisini mwenyewe, nikasubiri mpaka ikagongwa mhuri. Iliandikwa hivi:

*Kwa Baraza la Wazee wa Usharika.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAFUNDISHO YA SHULE YA JUMAPILI*

*Mimi ni mama mzazi wa Gloria, na ni mshirika wa usharika huu tangu nilipobatizwa. Nalalamika kwamba mwanangu, ambaye ni mgonjwa wa selimundu, amefundishwa na mwalimu wenu kuacha dawa, na ameaminishwa kuwa akisema anaumwa anamwaibisha Mungu. Kwa sababu hiyo alificha dawa na alificha maumivu, na angeweza kufa akiwa ananiombea mimi.*

*Naomba video yake iondolewe. Naomba mwalimu asimame mbele ya watoto wale wale aliosimama mbele yao, awaambie alikosea. Siombi afukuzwe. Awepo na mchungaji, na Gloria akae mbele.*

*Naomba jambo hili lifanyike Jumapili hii na lisisubiri kikao. Nimeshamweleza mwanangu mimi mwenyewe kwamba kumeza dawa si dhambi. Anameza kwa kuwa namsimamia. Nikigeuka, anapiga magoti kumwomba Mungu msamaha. Mimi ni mama yake tu. Ninyi ndio kanisa, na anawaamini ninyi. Mwambieni.*